Vikapu vya Mke Mwenzangu

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika kwa mwanangu na mabegi mawili na mafua. Ukuta wa jiko langu umelala chini tangu mvua ya wiki iliyopita, na fundi amesema hashiki mwiko mpaka ardhi ikauke. Mwanangu alikuja kunichukua mwenyewe kwa gari la kuazima. "Utakaa kwetu mpaka mvua iishe, Mama," alisema. Sikubisha. Nyumba isiyo na jiko ni kitanda tu chenye paa.

Mkwe wangu alinipokea mlangoni na mikono imejaa unga. Anaoka keki za oda pale nyumbani, basi akapata sababu ya kutonishika mkono. "Karibu, Mama," akasema, huku anayatazama mabegi yangu kama askari wa mpakani. Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana zaidi ya miaka ishirini. Mtu anayenikaribisha kwa mdomo na kunifungia mlango kwa macho namjua toka mbali.

Mjukuu wangu ana miaka sita. Mara ya mwisho nilimwona angali anabebwa. Nilimwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, nikamfungulia mikono. Akainama, akapita chini ya mkono wangu kama anapita chini ya kamba ya nguo, akaenda kulala kifudifudi sakafuni kando ya mstari wa magari madogo. Hakuniangalia hata mara moja.

Naandika kwa sababu bwenini nilikuwa naandika kila siku. Mwili umestaafu, mkono umekataa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimekanyaga kigari nikiwa na chai. Kikombe kimepona, goti halijapona.

Alhamisi, 7 Machi

Sebule hii si sebule, ni soko lililopigwa na upepo. Magari, vibao vya mbao, wanyama wa plastiki, vifuniko vya chupa. Vifuniko ndivyo vingi kuliko vyote, na mtoto anavipanga kuanzia mlangoni mpaka chini ya meza, vyekundu peke yake, vya bluu peke yake. Ukivuka mstari wake anatoa sauti moja kali ya puani. Ukiugusa mstari, utajuta.

Leo nilimuuliza mkwe wangu kwa nini mtoto mkubwa hivi hakusanyi vitu vyake.

"Ana usonji, Mama. Mwanao hakukwambia?"

"Aliniambia amechelewa kusema."

"Basi alikwambia nusu," akasema, akageuka kupiga mayai. Alipiga mayai yale kama yamemkosea.

Jioni nikaona mchezo wenyewe. Kuna vikapu vinne ukutani, kila kimoja kimebandikwa picha ya kinachokaa ndani. Mkwe wangu anachuchumaa, anamwonyesha mtoto kadi yenye picha mbili: kwanza kikapu, kisha bembea. Bembea imefungwa kwenye boriti ya baraza. Halafu anaimba, maneno yale yale kila siku, "Mahali pake, mahali pake, kila kitu mahali pake," na anaokota mwenyewe vitu vyote, kitu kwa kitu, mtoto akimtazama. Anabakiza kimoja. Kile cha mwisho anamwachia mtoto. Mtoto anakitupa kikapuni, mama anasema "safi," na huyoo, bembeani.

Kimoja. Mama anavunjika mgongo, malkia anaweka kimoja.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia mkwe wangu, kwa upole kabisa, samaki mkunje angali mbichi.

"Mwanangu si samaki, Mama."

"Na wewe si mtumishi wake. Unaokota yote, yeye anaweka kimoja. Atajifunza lini?"

"Mtaalamu wa kliniki ameniambia nianzie mwisho. Kwake sakafu nzima ni mlima, haoni pa kuanzia. Kimoja anakiona. Akikiweka anajua kazi imekwisha na yeye ndiye kaimaliza. Akizoea kimoja nampa viwili."

"Na mimi nimelea wasichana mia moja kwa filimbi."

"Ninajua," akasema. "Mume wangu hunisimulia." Alivyolitamka lile neno *hunisimulia* ungedhani mwanangu alimsimulia habari za jela.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua mchana kutwa. Malkia leo ameweka viwili. Mkwe wangu alitabasamu peke yake jikoni. Aliponiona akaacha.

Jumanne, 19 Machi

Nimeuliza haraka ya nini, na mkwe wangu akanijibu akiwa amenipa mgongo. Kuna darasa la watoto wa namna hii mtaa wa tatu. Mwalimu amekubali kumjaribu mwishoni mwa Mei, na akiweza ataanza shule zikifunguliwa mwanzoni mwa Juni. Wasaidizi ni wachache, kwa hiyo mtoto lazima aweze kuacha mchezo anapoambiwa na kurudisha vitu mahali pake.

"Na asipoweza?"

"Ataweza."

"Nimekuuliza asipoweza."

Akageuka. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyeshika mwiko wa sukari. "Wewe ndiye wa kuniambia, Mama," akasema. Sikumwelewa. Nikamwona ana adabu mbovu, nikaenda chumbani.

Jumapili, 24 Machi

Mwanangu alikuwa nyumbani leo, jambo la kushangaza. Anafanya kazi duka la vipuri na siku hizi duka linafungwa usiku, kwa maelezo yake. Alivuka vifuniko vya mtoto kwa mguu mrefu kama mtu anayeruka dimbwi, akaketi karibu yangu.

"Wasichana mia walikutii, Mama. Huyu mmoja atakushinda?"

"Hajakutana na mimi bado," nikasema. Tukacheka. Mkwe wangu hakucheka. Nilifurahi. Mwanamume na mama yake wana haki ya kucheka.

Alhamisi, 28 Machi

Wiki nzima hatusemezani ila chumvi na maji. Nikikunja nguo, anazikunjua na kuzikunja upya. Nikihamisha kikapu, anakirudisha kwa sentimita. "Picha lazima iwe inamtazama yeye, Mama." Kiti changu amekisogeza dirishani ili mtoto apate njia ya magari. Nimekaa dirishani kama sufuria ya maua. Goti linauma. Mvua haina habari ya kwisha.

Mtoto sasa anaweka vinne.

Jumanne, 2 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa. Bwenini sikuwahi kuandika uongo, hata ulipokuwa na faida.

Mkwe wangu alitoka kupeleka keki mtaa wa mbali. Mtoto alikuwa amelala. Akasema anarudi baada ya chakula cha mchana na mtoto akiamka nimpe maji katika kikombe cha kijani, si kingine. Nilimwitikia. Alipotoka nikasimama, nikakanyaga kifuniko, nikateleza, nikajishika mezani, na goti likalia kama kuni kavu. Nikasema basi, mchezo umekwisha. Leo huyu mtoto ajue kwamba vitu visivyokusanywa vinaondoka. Hivyo ndivyo nilivyowafunza wasichana wa watu, na wapo leo wana nyumba safi.

Nikachukua gunia. Nikaokota magari, vibao, wanyama, vifuniko, hata vile vilivyokuwa vikapuni. Nikalipeleka gunia stoo ya uani, nyuma ya tangi la maji, nikafunga komeo. Nikafagia. Sebule iling'aa. Nikakaa nikingoja nishukuriwe.

Mtoto aliamka, akatoka, akasimama mlangoni. Hakulia. Alitembea pale ulipokuwa mstari wake, kutoka mlangoni mpaka mezani, akiangalia chini. Kisha akaenda kwenye vikapu. Akagusa picha ya magari, akachungulia ndani. Akagusa picha ya vibao, akachungulia. Vyote vinne. Akarudia toka cha kwanza. Nikaona midomo yake inatetemeka, anaimba ule wimbo kwa pumzi, bila sauti.

Nikamwambia, "Umeona sasa? Ukikusanya, vitarudi."

Ndipo akaanguka. Sijui kuielezea ile sauti. Nimesikia wasichana wakililia wazazi waliokufa, haikuwa hivyo. Alijipiga paji la uso sakafuni, kwenye saruji, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi na goti langu nikajitupa chini nikaweka mkono wangu kati ya kichwa chake na sakafu. Akaupiga mkono. Akauuma. Nikataka kukimbilia stoo kuleta gunia, nisingeweza kumwacha. Nilimpa maji, akayatupa. Nilimwita mke mwenzangu, nikamwita mama yangu, nikamwita Bwana Mungu. Jirani alibisha dirishani kwa mwavuli, akauliza, "Mnamuua huyo mtoto?" Nilibaki nimekikinga kile kichwa.

Muda ulivyokwenda sijui. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mkwe wangu aliingia amelowa mpaka mifupani, akaiona sebule safi, akavitazama vikapu vitupu, kisha mkono wangu unaotoka damu. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja uani, nikasikia komeo, akarudi na gunia, akalimwaga lote katikati ya sakafu.

Mtoto alinyamaza. Akaviangalia vitu vyake. Hakugusa hata kimoja. Akajikunja nyuma ya kochi, uso ukutani.

Mkwe wangu akachuchumaa na maji yanamchuruzika. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Unajua nilikuwa namfundisha nini, Mama? Si usafi. Nilikuwa namfundisha kwamba kitu kikiingia kikapuni hakipotei. Ndiyo maana alikubali kukiachia. Leo umemwonyesha kwamba kinapotea."

Jumatano, 3 Aprili

Mkono umevimba. Nilipikiwa uji, ukawekwa mezani bila neno.

Jumamosi, 6 Aprili

Mwanangu alirudi mapema leo. Alikagua uvimbe kwenye paji la uso la mtoto, akakagua mkono wangu, na nikaona kitu usoni mwake ambacho sikukitegemea. Mwanangu alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa umeona mwenyewe, Mama," akasema. "Huyu hawezi shule. Mvua ikiisha utaondoka naye. Nitakutafutia msichana wa kukusaidia."

"Niondoke na nani?"

"Si ndiyo maana nimekuleta uzoeane naye. Fundi wa ukuta ningeweza kumpata wakati wowote." Akaanza kunieleza kwa vidole, kama muuza kiwanja. Kwangu kuna uwanja. Kwangu kuna hewa. "Na kule watu wachache wa kuuliza."

"Kuuliza nini?"

Akashusha sauti. "Nimechoka, Mama. Kila mgeni anauliza. Wenzangu wakija nawaelezaje? Huyu akiwa kwako, sisi tunaweza kuanza upya. Tupate mtoto mwingine."

Mkwe wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na trei ya moto mikononi, kitambaa kimeanza kutoa moshi, na yeye hasikii joto.

"Mwambie pia kwamba nilikataa," akamwambia mumewe.

"Ulikataa, nikakupa mpaka shule zifunguliwe. Si tulikubaliana?"

Nikamgeukia mkwe wangu. "Mimi sikujua."

"Usinifanye mjinga, Mama. Siku ulipoingia na mabegi yako nilijua umekuja kumchukua mwanangu. Kila ulipomkemea nilijua unampima bei. Na juzi ukahakikisha hajui tena kitu."

"Sikujua," nikasema tena. Akaweka trei chini, akaingia jikoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimezaa kilicho nguoni mwangu.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku nzima nimemtazama mwanangu kama mtu mgeni. Anavyochana nywele. Anavyouliza soksi zake ziko wapi huku amezikalia. Mguu ule mrefu anaovukia mstari wa mtoto. Nilicheka naye Machi nzima.

Nimempigia fundi. Fundi anasema mwanangu alimwambia asiharakishe.

Ijumaa, 12 Aprili

Mkwe wangu ameanza upya. Mtoto hakaribii vikapu. Akionyeshwa kadi anaziba masikio. Kifuniko alichonacho analala nacho mkononi, na asubuhi kiganja kina alama ya duara. Mwalimu amepigiwa simu, amesema tarehe haibadiliki.

Nilisema jikoni, "Naweza kusaidia."

"Umeshasaidia."

Jibu zuri. Ningekuwa mimi ningelitumia.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua imekata umeme na tanuri likazimika na keki ndani. Hasira za mkwe wangu zilijaa nyumba mpaka paka wa jirani akahama baraza.

Jumanne, 23 Aprili

Kila usiku mkwe wangu anavihamishia vikapu vyote kando ya kitanda cha mtoto, na mchana vinarudi sebuleni. Anaingiza kigari kimoja kikapuni, mtoto akiona, halafu anakiacha pale pale mpaka kesho yake. Asubuhi mtoto anachungulia. Kipo. Mama anasema, "Kipo." Hamwombi aweke kitu. Anamwonyesha tu kwamba kipo, basi.

Mimi sikuambiwa lolote. Lakini vikapu ni vizito kidogo na yeye ana oda, basi asubuhi huwa navirudisha sebuleni kabla hajaniona, na usiku unapokaribia navirudisha chumbani. Nahakikisha picha inamtazama mtoto. Mkwe wangu anajua. Hanishukuru, wala hanikatazi.

Jumanne, 30 Aprili

"Kipo." Leo amesema mtoto. Alikuwa ameingiza kichwa chote kikapuni.

Jumatatu, 6 Mei

Kuna keki ya ghorofa tatu, na mkwe wangu hawezi kuacha mapambo yakauke. Muda wa kukusanya ukafika. Akanitazama muda mrefu, mikono yake imejaa sukari ya rangi.

"Kaa pale chini. Usimshike. Usiseme neno lisilo la wimbo. Bakiza kimoja."

Nikaketi na goti langu. Nikaanza kuimba. Mtoto akaziba masikio.

"Punguza sauti, Mama," akasema kutoka jikoni. "Si gwaride."

Nikapunguza mpaka nikasikia aibu. Niliokota vitu vyote kitu kwa kitu. Sikujua kama ni kazi ngumu hivi kuokota polepole. Nikabakiza ng'ombe wa plastiki. Mtoto akamtazama ng'ombe, akatazama kikapu, akatazama mahali fulani karibu na sikio langu. Nilitaka kusema "haya basi." Niliuma ulimi, kweli kweli. Mvua ilipiga, ikapoa. Akamchukua ng'ombe, akamnusa, akamwangusha kikapuni. Kisha akachungulia kuona kama yupo.

"Safi," nikasema.

"Husemwa kwa sauti ya kawaida, Mama," mkwe wangu akasema. "Wewe umesema kama unatoa cheti." Lakini alikuwa ametoka jikoni kuangalia, na sukari ilikuwa imeanza kumkaukia mikononi.

Jumanne, 14 Mei

Viwili. Mvua ndogo.

Jumatatu, 20 Mei

Vitano, halafu hapana, halafu vitatu. Tumegombana kama vitatu ni kushuka au ni Jumatatu tu. Yeye anasema mtoto amechoka. Mimi nasema anatupima. Tumegombana vizuri, kwa sauti, mpaka jirani akabisha, na sote wawili tukamwambia aende zake.

Simpendi mkwe wangu. Ni mkavu, hasamehi, na chai yake haina ladha. Lakini kati ya mtu anayenichukia usoni na mtu anayenitumia mgongoni, najua wa kukaa naye nyumba moja.

Jumanne, 28 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtoto kujaribiwa darasani. Jua limetoka, matope yanaanza kupasuka. Mwanangu alisema ana mzigo wa kupokea dukani. Tukaenda wanawake watatu.

Darasa ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Mwalimu ni mama mnene mwenye miwani ya kamba, sauti yake haipandi wala haishuki. Mtoto alipewa vibao, akacheza peke yake pembeni, vizuri kabisa. Nikaanza kuvimba kichwa. Halafu mwalimu akapiga kengele ndogo na watoto wengine wakaanza kukusanya. Mke mwenzangu hajui kengele. Na masanduku ya pale hayana picha, yana rangi tu. Akasimama, akageukageuka, akalala chini.

Mkwe wangu alikuwa na kadi mkobani. Aliitoa, akachuchumaa, akaimba. Mbele ya wazazi wengine, sauti ikamkwama katikati. "Mahali pa..." ikaishia hapo.

Basi nikaimba mimi. Si gwaride. Niliimba kwa ile sauti ndogo ya aibu, nikiwa nimesimama ukutani na mkoba wangu mikononi. Mkwe wangu akapata pumzi, akaendelea nami.

Mtoto aliinuka baada ya muda. Akaweka kibao kimoja sandukuni. Akakitoa. Akakiweka tena, sasa kwa upande mwingine, kisha akaanza kuvipanga vyote ndani ya sanduku kwa urefu, kimoja kimoja, bila kuombwa. Wenzake walikwishaenda kunawa mikono. Tulingoja. Kifuniko cha sanduku hakikufunga, kwa sababu alivisimamisha.

Mwalimu alitazama sanduku lile. "Anachelewa," akasema. "Na kengele hajaijua. Nitamchukua asubuhi tu. Muhula ujao wote lazima mtu mzima wa kwao akae naye darasani. Bila hivyo siwezi."

Asubuhi ndipo tanuri linapowaka. Bila tanuri hawali. Mkwe wangu alisema "asante, Mwalimu," tukatoka.

Kwenye kona ya duka la dawa akasimama.

"Fundi amemaliza ukuta wako?"

"Ameanza. Wiki hii anamaliza."

"Basi utaondoka."

"Unataka niondoke?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimeuliza ukuta," akasema.

Ijumaa, 31 Mei

Mwanangu amekuja na habari mbili, ukuta umekwisha na gari litakuja kesho. Alisikia majibu ya shule akatikisa kichwa kama daktari. "Asubuhi tu ni njia ya kistaarabu ya kusema hapana. Si nilisema? Mama, funga na nguo za mtoto."

Mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya mstari wa vifuniko, miguu miwili ndani ya nafasi ndogo, asiguse hata kimoja. Alinitazama mimi. Hakumtazama mumewe. Tangu nifike sijawahi kuona ananiogopa, na leo nimeona, na sikuona raha.

"Gari lije," nikasema. "Litarudi tupu."

"Mama?"

"Nitakaa na mtoto darasani. Mkeo ataoka."

"Nyumba yako je?"

"Ina ukuta sasa. Itajisimamia."

Akacheka, akaona sisi hatucheki. Akasema mengi. Alisema nimerogwa kwa keki. Alisema mama mwenye akili hamchagui mtoto wa watu akamwacha wa kwake.

"Simchagui yeye," nikamwambia. "Yeye hata salamu zake zina miba. Lakini wewe ulinileta hapa kama kikapu, uniwekee ndani unachokionea haya. Nilikuzaa, nikakusomesha, na mvua hii yote nimekusaidia kumcheka mtu anayefanya kazi yako. Imetosha. Toka hapo, umekanyaga mstari wa mtoto."

Alitazama chini. Kweli alikuwa amekanyaga.

Jumamosi, 1 Juni

Gari halikuja. Mwanangu ameondoka na begi dogo, anasema kwa rafiki, mpaka "mpate akili." Mkwe wangu alifunga mlango nyuma yake, akarudi kwenye unga. Nilimsikia analia huku tanuri linanguruma. Sikuingia. Si mtu wa kuingiliwa.

Baadaye alinikuta dirishani.

"Usidhani nimekusamehe ile siku ya gunia."

"Sijaomba."

"Jumatatu mtoke mapema. Hapendi kuingia chumba chenye watu."

Jumatatu, 3 Juni

Kiti nilichopewa ni cha mtoto. Mwalimu aliniweka nyuma kabisa, akaniambia, "Bibi, kazi yako ni kuwepo tu."

Asubuhi ilikwenda. Kabla ya kengele mvulana mmoja alipita mbio akaupiga teke mstari wa mke mwenzangu, vibao vikatawanyika mpaka chini ya meza. Nikamwona anavuta pumzi. Nikaijua ile pumzi. Akaketi chini akaanza kupiga kelele, mikono masikioni, na kengele ikalia juu ya kelele.

Kila kiungo changu kilisimama. Nilitaka kumkamata yule mvulana kwa sikio. Nilitaka kwenda kuokota vile vibao vyote kwa pigo moja na kuvitupa sandukuni, yaishe. Mwalimu alinitazama juu ya miwani. Nikaikalia mikono yangu. Niliweka mikono yote miwili chini ya mapaja, kwenye kile kiti kidogo, na nikakaa.

Alilia. Wenzake walikusanya. Mwalimu alisogeza sanduku karibu naye, akaweka kadi yetu juu yake, akaondoka. Akalia tena, akachoka, akalala ubavu. Akiwa amelala hivyo hivyo akanyoosha mkono akachukua kibao kilichokuwa karibu na pua yake, akakinusa, akakiweka. Baada ya hapo akaketi. Alitambaa chini ya meza akavitoa vilivyokuwa huko. Hakuna aliyembakizia kimoja. Aliokota vyote.

Tulirudi nyumbani amelala begani kwangu, na goti langu likasema yake njia nzima. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, unga mpaka kwenye kope. Alimpokea mtoto kabla sijavuka kizingiti.

"Alilia?"

"Sana."

"Alirudisha vitu?"

"Vyote."

Akageukia chumbani. Alimweka mtoto kitandani, akarudi, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

Alinitazama kwa muda, akinitafuta uongo. Kisha akavuta kile kiti changu kutoka dirishani, akakileta mezani, akanimiminia chai yake isiyo na ladha.

"Angalau hilo umelijua," akasema.